Sukari ikipanda utaijuaje, na ufanye nini

Kiu inakushika kutwa, maji unakunywa na mdomo bado mkavu, usiku unaamka kila saa kwenda chooni, ukisema unaambiwa joto tu hilo, kaskazi hii. Jamani joto linakutoa jasho na mkojo unapungua. Ukiona kiu imezidi na mkojo nao umezidi, nenda kapime sukari, usingoje. Na macho kuona ukungu, kukonda huku unakula, kidonda hakiponi, kuwashwa sehemu za siri, hizo nazo dalili. Wazee wetu wakiangalia sisimizi chooni na si uongo, sukari kwenye damu ikipita kama 10 (namba zote hapa ni za mashine inayosoma mmol/L) figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, ila ukiwasubiri sisimizi ushachelewa, na wengine sukari inapanda hawasikii chochote.

Ukipima asubuhi hujala kitu ikasoma 7.0 au zaidi, au wakati wowote ikafika 11.1, muone daktari akuthibitishie. Kabla ya kupima nawa mikono kwa sabuni uikaushe, maana ukitoka kumenya embe ukatoboa kidole mashine itakusomea sukari ya embe. Toboa pembeni mwa kidole, hapaumi sana. Namba iandike kwenye daftari pamoja na ulichokula, ndo itakayomsaidia daktari.

Kwenye chakula sie shida yetu kubwa naiona kwenye vinywaji. Mtu kaacha halua kabisa lakini chai vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, na kiu ikimbana anakwenda kununua juisi ya miwa pale Forodhani, hata ikitiwa ndimu na tangawizi ile ni sukari tupu inaingia kwenye damu mbio. Kiu ya sukari dawa yake maji. Wali sijasema uache, ila kwenye sinia la watu wanne huwezi kujua umekula kiasi gani, bora upakuliwe sahani yako, nusu iwe mchicha au mabamia, robo samaki, robo wali. Baada ya kula tembea japo dakika kumi na tano, inashusha kweli.

Dawa meza kama ulivyoandikiwa hata ukijisikia mzima. Majani ya kuchemsha mwambie daktari unayatumia, usiyafanye ndo badala ya vidonge. Na anayechoma insulini akiumwa asiiache kwa sababu hajala, mwili ukiumwa sukari hupanda zaidi, apime mara kwa mara na apige simu hospitali aulize dozi.

Ramadhani nendeni kwa daktari kabla mwezi haujaandama mpangiwe dawa, kupima kidole hakufunguzi, na ikisoma zaidi ya 16.6 au chini ya 3.9 fungua hapo hapo.

Sasa hili naomba mlishike sana: mgonjwa akianza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na haraka, pumzi inanukia kama matunda, au anasinzia na maneno hayaeleweki, hiyo ni hatari ya kufa, si ya kumsomea na kungoja asubuhi. Unguja mkimbizeni Mnazi Mmoja, Pemba Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani, popote palipo karibu. Mlioko Kojani au Tumbatu tafuteni chombo mapema kabla maji hayajatoka, na mfuko wa dawa zake zote nendeni nao.