Kushona sketi ya mduara ya vitambaa viwili yenye lastiki kiunoni

Sketi ya mduara inayochanganya kitenge na kitambaa cha rangi moja hupendwa sana na wateja wetu hapa Kampala, lakini nyingi hupinda pindo baada ya kufuliwa mara chache kwa sababu vitambaa vyake havikuandaliwa pamoja. Ndiyo maana kazi hii huanzia kwenye beseni, si kwenye mkasi.

Unaponunua kwenye maduka ya vitambaa kule Kiyembe, shika vitambaa vyote viwili kwa pamoja na uviache vining'inie mkononi ili ulinganishe uzito wake. Kitenge cha pamba huendana vizuri na poplini, kitambaa laini kilichofumwa kwa kubana, ilhali shifoni, ambayo ni nyembamba na huonyesha ndani, huvutwa na uzito wa kitenge na kukunjamana kwenye mshono. Kwa sketi ya kipimo nitakachokitumia hapa, yadi mbili za kila kitambaa chenye upana wa sentimita 112 zinatosha. Napendelea kitenge chenye maua madogo yaliyotawanyika, kwa kuwa katika mduara ua lililosimama wima kwenye mshono mmoja litakuwa limelala ubavu kwenye mshono unaofuata.

Lowesha pembe ya kila kitambaa na uisugue kwa kitambaa cheupe. Kinachoacha rangi kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi. Kisha fua vyote, vianike na uvipige pasi, ili vinywee sasa badala ya kunywea vikiwa tayari ni sketi.

Kwa kuwa sketi haina zipu, tundu la juu lazima lipite kwenye nyonga. Chukua mzunguko wa nyonga, tuseme sentimita 98, ongeza 6 upate 104, kisha gawanya kwa 6.28, yaani mara mbili ya pai; nusukipenyo chako, umbali kutoka katikati ya mduara hadi ukingo wa tundu, ni takriban sentimita 16.5. Kwenye karatasi ya kaki yenye pembe mraba, shika mwanzo wa tepu kwenye pembe na uizungushe ukitia alama kwenye sentimita 15.5, maana sentimita moja ni ya mshono wa kiuno, na tena kwenye 83.5, ambayo ni nusukipenyo pamoja na urefu wa 65 na pindo la 2. Ongeza sentimita 1.5 kwenye kila upande ulionyooka.

Kiolezo hiki ni robo ya mduara: kata robo mbili za kitenge na mbili za poplini. Poplini nyingi ya rangi moja haina upande wa nje wala wa ndani, kwa hiyo igeuze ili ukingo uliokatwa kwa urefu wa kitambaa ukutane na ukingo wa urefu wa kitenge, na wa upana ukutane na wa upana. Mshono unaokutanisha urefu na upana huvutika upande mmoja tu na kujikunja. Papo hapo pitisha mshono milimita 5 kutoka ukingo wa kiuno wa kila robo, kwa kuwa sehemu iliyokaa mshazari, yaani kimshazari kwa nyuzi za kitambaa, hutanuka hata kwa kushikwashikwa. Unganisha robo kwa kupokezana, piga ovaloki ukingoni ili nyuzi zisichomoke, na ulaze mishono upande wa kitambaa chenye rangi iliyokolea zaidi ili isionekane kupitia kile chenye rangi hafifu.

Mkanda utoke kwenye ukanda uliobaki pembeni mwa kitenge: upana sentimita 9, urefu 106. Unganisha ncha zake, ukunje kwa urefu, uushone kwenye kiuno na uache uwazi wa sentimita 5. Lastiki ya upana wa sentimita 3 ikatwe pungufu ya kiuno kwa 6, pamoja na 2 za kupandanishia. Kwa kiuno cha 74 ni sentimita 70. Ipitishe kwa pini ya usalama, hakikisha haikujisokota, shona ncha zake kwa zigizaga, kisha funga uwazi.

Sasa tundika sketi usiku kucha. Katikati ya kila robo kitambaa kitashuka, na poplini haitashuka sawa na kitenge. Mvishe mwenye sketi, asimame wima, nawe upime kutoka sakafuni kwa rula ukizunguka, ukate kilichozidi. Shona mstari sentimita moja kutoka ukingoni, kunja juu yake, piga pasi, kunja tena na ushone pindo polepole bila kulivuta.