Jinsi ya kupunguza kodi kwenye draiva za Linux (code, siyo ile ya TRA)

Fungua draiva yoyote ya zamani uangalie ile probe yake, fanksheni inayoitwa kifaa kikipatikana. Mistari inayoongea na kifaa chenyewe ni michache, iliyobaki ni omba memori, angalia kama umepata, omba kloku (mapigo yanayoendesha kifaa), angalia, omba interapti (ishara ya kifaa kuita prosesa), angalia tena, halafu huku chini kuna ngazi ya goto err_clk, goto err_mem za kurudisha ulivyochukua kitu kikifeli, na remove (inayoitwa kifaa kikiondolewa) nayo inarudia yaleyale kinyumenyume. Ruka ngazi moja tu memori inavuja kimyakimya.

Anza na devm, fanksheni zinazojiachilia zenyewe, zipo kwenye keneli (kiini cha Linux) tangu 2007. Pale ulipoandika kzalloc ya kuomba memori weka devm_kzalloc, keneli yenyewe inakumbuka umechukua nini, probe ikifeli au kifaa kikichomolewa inaachia vyote, cha mwisho kinatangulia. Goto zote kwaheri. Rejista za kifaa zinakuwa hivi tu:

base = devm_platform_ioremap_resource(pdev, 0);
if (IS_ERR(base))
    return PTR_ERR(base);

Kloku tumia devm_clk_get_enabled, inaichukua, inaiwasha na baadaye inaizima. Kama kitu chako hakina devm yake, kiandikie kafanksheni ka kukizima uikabidhi kwa devm_add_action_or_reset, ndo basi.

Ninayoipenda mimi ni hii:

return dev_err_probe(dev, ret, "kloku haipatikani\n");

Inaandika logi na kurudisha namba ya kosa hapohapo, na ikiwa ni -EPROBE_DEFER, yaani kitu unachokitegemea hakijawa tayari, haikujazii dmesg (logi ya keneli) makelele. Init na exit, zile za kusajili na kuondoa draiva tu, nazo futa, weka module_platform_driver (I2C ina module_i2c_driver, USB ina module_usb_driver).

Sasa hapa kuna mtego, ulinikesha usiku mzima. Interapti nimeomba kwa devm_request_irq, ila bafa (memori ya kuwekea data) nikawa naiachia kwa kfree ndani ya remove. Kumbe remove inaisha kwanza ndo devm inakuja kuachia interapti, sasa interapti ikigonga katikati hapo handla (fanksheni inayoitikia interapti) inagusa bafa iliyokwisha kwenda, keneli chali! Kwa hiyo usichanganye, bafa nayo iwe ya devm na iombwe kabla ya interapti. Remove ikibaki tupu ifute, halafu jaribu kwa kuandika jina la kifaa kwenye faili la unbind (kukitenganisha na draiva), kisha bind (kukirudisha), kwenye folda ya draiva yako huko /sys/bus/platform/drivers, rudia hata mara ishirini ukiwa na kmemleak, kigunduzi cha memori inayovuja, imewashwa.