Namna ya kulisoma kasri la Écouen

Usiende Jumanne, kasri hili karibu na Paris, ambalo sasa ni makumbusho, hufungwa. Mimi nilifika siku hiyo nikaishia kuzunguka msituni. Siku nyingine panda treni ya mstari wa H kutoka Gare du Nord, Paris, ushuke Écouen-Ézanville, kisha utembee.

Ukiingia uani, usikimbilie milango. Tazama kwanza zile nguzo kubwa zinazopanda ghorofa mbili kwa mkupuo mmoja. Katikati yake zimesimama sanamu za watumwa wawili za Michelangelo, mchongaji wa Italia. Ni nakala tu, zile za asili ziko makumbusho ya Louvre, Paris. Aliyeziweka za asili hapo ni mwenye kasri, Anne de Montmorency, na huyo ni mwanamume, jina lisikuchanganye. Alikuwa mkuu wa majeshi ya Ufaransa, na ujenzi aliuanza 1538. Upanga, alama ya cheo chake, utauona mara nyingi. Mimi huufanya mchezo wa kuuhesabu.

Ndani, simama mbele ya meko zilizochorwa visa vya Biblia. Sogea karibu: fremu na mashada ya matunda unayodhani yamechongwa ni rangi tupu. Ghorofani utakuta mazulia ya ukutani ya Daudi na Bathsheba, vipande 10, yapata mita 75. Anzia cha kwanza, la sivyo kisa kitakupotea.

Na samani za zamani? Usizitafute sana. Mapinduzi ya Ufaransa yalipita, kisha Napoleon akaligeuza kasri kuwa shule ya mabinti wa wanachama wa Jeshi la Heshima, yaani waliotunukiwa nishani ya heshima ya Ufaransa. Makumbusho yalifunguliwa 1977, na vitu vingi vililetwa kutoka kwingineko.