Anza na mvinje: nilivyojifunza kusoma Wahindi wa mwanzo walioandika Kiingereza

Nina duka dogo la stesheneri hapa Tanga, mashine moja ya fotokopi, na cheti cha kidato cha nne chenye D ya Kiingereza. Nasema mapema usije ukadhani unafundishwa na profesa. Ila jioni nikishafunga duka huwa nasoma, na daftari langu la maneno limeshajaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuata tarehe. Kitabu cha kwanza cha Mhindi kwa Kiingereza ni safari za Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna aliyetumikia jeshi la Kampuni ya India ya Mashariki, ile ya Waingereza. Kilichapwa Cork, Ireland, mwaka 1794. Nikaanzia hapo, kamusi mkono wa kushoto, kila neno nalitafuta. Wiki nzima nilifika ukurasa wa tatu. Nikakitupa chini ya kaunta, kikalala huko mwaka mzima.

Wewe anza na shairi la Toru Dutt, binti wa Kihindi wa mji wa Calcutta: "Our Casuarina Tree". Casuarina ni mvinje, huuhuu wetu wa ufukweni. Lina beti 5 za mistari 11. Karatasi mbili zinatosha. Soma kwanza kwa sauti bila kamusi, hata kama huelewi. Mara ya pili pigia mstari majina ya vitu vinavyoonekana kwa macho, basi: "python" chatu, "creeper" mmea utambaao, "scars" makovu, "baboon" nyani. Vitenzi viache kwanza.

Mpwa wangu alipofika kwenye "trunk" aliandika tranka, lile sanduku la bweni. Sikumcheka, maana neno ni hilohilo. Nikamwambia chora: mti mrefu, shina lina makovu, mmea umelizunguka kama chatu. Akachora nyuma ya risiti. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena "trunk" ni nini.

Mbele kidogo mshairi anasikia "murmur", mvumo ulio kama "dirge", wimbo wa maziko, tena kama bahari inayopiga ufuko wa kokoto. Hapo funga kamusi. Nenda ukakae chini ya mvinje upepo wa kusi ukivuma. Vitawi vyake vyembamba vinavuma kama mawimbi, hata ukiwa mbali na maji. Hiyo ndiyo "murmur", na hakuna kamusi itakayokueleza vizuri kuliko mti wenyewe. Kisha jua na habari zake: kaka yake Toru alifariki 1865, dada yake 1874, na yeye mwenyewe 1877, akiwa na miaka 21. Shairi lilitoka kitabuni mwaka 1882. Wenzake aliocheza nao chini ya mti ule wa Calcutta ndio anaowalilia.

Utakuta "thee" na "thy". Ni "wewe" na "-ako" za zamani. Zielewe, ila usiziandike kwenye barua ya kuomba kazi.

Daftari ligawe safu mbili. Ya kwanza, maneno ya Kiingereza, matano tu kwa siku. Ya pili ndiyo niipendayo: maneno ya Kihindi yaliyoingia Kiingereza, nasi tunayo tayari. "Bangle" ni bangili, "coolie" ni kuli, "chit" ni ndugu yake cheti. "Lakh" ni laki, na hapa pana mtego: zamani Waingereza waliliandika "lack". Sheria yao ya 1813 ilitenga kila mwaka "one lack of rupees" kwa ajili ya elimu India. Msomaji wa haraka atadhani ni ukosefu wa rupia, kumbe ni rupia laki moja! Fedha hizohizo ndizo Macaulay, Mwingereza aliyekuwa kwenye baraza la utawala wa India, aliziandikia waraka wake wa 1835, akitaka zisomeshe Kiingereza.

Baada ya Toru, soma soneti (mashairi ya mistari 14) za Derozio, kijana aliyefundisha Hindu College ya Calcutta na kufa mwaka 1831 akiwa na miaka 22. Ni fupi, moja kwa jioni. Halafu riwaya ya Bankim Chandra Chatterjee, "Rajmohan's Wife", iliyotoka gazetini kwa mfululizo mwaka 1864. Kiingereza chake kimevaa suti, kweli, lakini Matangini atakuvuta, mke anayetoka usiku kwenda kuonya watu juu ya wezi. Soma sura nzima ndipo urudi kwenye maneno.

Dean Mahomed mweke mwisho. Kitabu kimeandikwa kama barua, kwa hiyo soma barua moja kila jioni. Huyu ndiye baadaye aliyefungua bafu la mvuke Brighton, akiwakanda Waingereza miili na kuita kazi hiyo "shampooing", neno lenye asili ya Kihindi la kukanda. Kwenye safu yangu ya pili nimeliandika jirani na shampuu, na yenyewe iko rafu ya chini, shilingi mia tano kwa kipakiti.