Kabla mtoto mwenye ugonjwa wa ini hajaanza dawa ya hemanjioma

Hemanjioma ya watoto wachanga ni uvimbe wa mishipa ya damu, wala si saratani. Hukua haraka katika miezi ya mwanzo, kisha hunywea wenyewe kwa miaka. Kwa hiyo ulizeni kwanza kama dawa inahitajika. Alama ndogo ya mgongoni inaweza kuachwa. Iliyo karibu na jicho, inayobana njia ya hewa au iliyofanya kidonda haifai kungojewa.

Tangu madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipotoa taarifa yao kuihusu mwaka 2008, dawa kuu imekuwa propranololi, ambayo ni dawa ya moyo na presha. Dawa hii huvunjwa na ini. Ini likiwa dhaifu, dozi ileile huingia kwenye damu kwa wingi zaidi na kukawia kutoka. Kwa kawaida mtoto hupewa miligramu 1 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, lakini kwa huyu mwenye ugonjwa wa ini, daktari wa ngozi na daktari wa ini wakubaliane kabla ya tone la kwanza, waanzie chini, na mapigo ya moyo na presha vipimwe, ikiwezekana akiwa amelazwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni sukari kushuka. Ini ndiyo ghala ya sukari ya mwili, na mtoto anayeugua ini ana akiba ndogo. Propranololi huzuia akiba hiyo isitolewe, na pia huficha dalili ambazo zingekushtua: moyo kwenda mbio na kutetemeka. Jasho huweza kubaki, pamoja na kulegea, usingizi usio wa kawaida na kukataa kunyonya. Mpe dawa anaponyonya au mara baada ya kunyonya. Akitapika, akiharisha au akikataa chakula, ruka dozi hiyo na umpigie daktari. Mjulishe kila anayemlea, hasa anayekesha naye usiku.

Beba orodha ya dawa zake zote. Watoto wenye nyongo iliyoziba huenda wakapewa rifampisini kwa ajili ya kuwashwa, au fenobabitali. Zote mbili huharakisha uvunjwaji wa propranololi, hivyo moja ikianzishwa au kusimamishwa, dozi iangaliwe upya. Kama amewahi kupumua kwa mluzi au ana tatizo la moyo, sema mapema. Matone ya kupaka ya timololi, dawa ya jamii moja na propranololi, nayo huingia mwilini, zaidi kupitia kidonda, kwa hiyo nayo yatajwe.

Akiwa na alama tano au zaidi kwenye ngozi, apigwe ultrasaundi ya tumbo, kwani hemanjioma huweza kuwa ndani ya ini lenyewe. Zikitapakaa humo, moyo huelemewa na homoni za thairoidi (tezi ya shingoni) hushuka, kwa hiyo zipimwe.

Jambo la mwisho husahaulika mno: siku ya upasuaji au ya kuchukua kipande cha ini kwa uchunguzi, mtoto hukaa bila kunyonya. Mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba anatumia propranololi, na muulize mapema kama dozi ya asubuhi itolewe na kama atawekewa dripu ya sukari.