Pigia mstari ushahidi kabla ya kusahihisha

Kwa anayejiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, sehemu ya kusoma: ukimaliza zoezi, usikimbilie majibu ya nyuma ya kitabu. Kwanza, kwa kila jibu, pigia mstari maneno ya kifungu yanayolithibitisha. Jibu lisilo na mstari umelikisia, hata likiwa sahihi. Nimeijua mbinu hii juzi tu, imenifumbua macho kweli. Inasaidia kwa sababu watunzi hubadilisha maneno makusudi. Kifungu kinasema "most farmers abandoned the crop", swali linasema "all farmers stopped growing it". Ukiweka kidole hapo unaona "abandoned" ndiyo hiyo "stopped growing", lakini "most" si "all", basi jibu ni "False" (si kweli). Ukitafuta maneno ya kupigia mstari mpaka ukakosa, huenda jibu ni "Not Given", yaani kifungu hakisemi. Mbinu hii haifai kwa maswali ya kuchagua kichwa cha aya, maana ushahidi umetawanyika aya nzima. Hapo andika pembeni wazo la aya kwa maneno matano ya Kiswahili. Na ni ya mazoezi ya nyumbani tu: siku ya mtihani maswali ni 40 kwa dakika 60, huwezi kupigia mstari kila jibu.