Tairi la pikipiki limekwisha lini? Somo la kukagua na kubadilisha, pamoja na maswali ya wanachama

Wengi hungojea pancha. Tairi likishatoboka mara tatu ndani ya wiki moja, ndipo fundi anapoulizwa bei ya jipya. Hapo umeshachelewa. Pancha zinazofuatana zinaonyesha kuwa mpira umebaki mwembamba: mwiba au ncha ya jiwe la matumbawe, ambayo zamani ingeishia kwenye kashata (vile vipande vya mpira vilivyoinuka juu ya tairi), sasa inafika moja kwa moja kwenye tyubu. Tairi hubadilishwa kwa kipimo na kwa tarehe. Ukaguzi mzima hauzidi robo saa, na wakati wake mzuri ni Februari kabla ya masika, kisha Septemba kabla ya vuli. Mvua ya mwanzo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inakuta lami imekaa miezi ikinywa mafuta na vumbi.

Hatua ya 1: Matayarisho

Tafuta njiti ya kiberiti, rula yenye milimita, chaki, kipimo cha upepo, tochi na kitambaa cha maji ya sabuni. Fanya kazi hii asubuhi kabla chombo hakijatembea, maana tairi lililopata moto husoma upepo mwingi kuliko uliomo. Simamisha kwa stendi kubwa ili gurudumu lizunguke. Osha tairi kwanza. Matope mekundu ya Pemba hujaza nyufa zote, na tairi bovu likaonekana zima. Tia alama ya chaki ubavuni ujue ulipoanzia.

Hatua ya 2: Pima kina cha kashata

Ubavuni, karibu na ukingo wa kashata, tafuta herufi TWI (alama ya kipimo cha kulika kwa tairi) au pembetatu ndogo. Kutoka hapo panda juu mpaka ndani ya mfereji ulio kati ya kashata: utaona kituta kidogo cha mpira kimekatiza. Kwenye matairi mengi ya pikipiki kituta hicho kina milimita 0.8 tu, tofauti na gari ambako ni 1.6. Kashata ikiwa sawa na kituta, hata pahala pamoja tu, tairi limekwisha na hakuna la kujadili.

Lakini usingoje lifike huko. Chomeka njiti ndani ya mfereji, mbali na kituta, weka ukucha pale kashata inapoishia, kisha soma kwenye rula. Pima pahala patatu kuzunguka tairi, na kila pahala upime katikati na pembeni. Shika namba ndogo kabisa, si ya wastani. Ikifika milimita 2 na masika iko mbele, nunua. Mifereji ndiyo inayotoa maji chini ya tairi, na ikiwa mifupi maji hayana pa kwenda. Kwa tairi la mbele usione tabu kubadilisha mapema zaidi. Nyuma likiteleza, mara nyingi dereva huliwahi. Mbele likiteleza, unakuwa chini kabla hujajua.

Hatua ya 3: Soma namna lilivyolika

Hapa ndipo tairi linapokwambia tabia ya chombo na ya dereva, na ndipo panapookoa pesa, kwa sababu ukifunga jipya bila kuondoa sababu, litakwenda njia ile ile.

Bapa katikati, pembeni zima: upepo umezidi, au chombo kinatembea sana barabara zilizonyooka kama za kwenda Chwaka na Paje, hasa kikiwa na mzigo. Tairi la namna hii huwa zito kuingia kona, kisha huanguka ghafla likivuka ule ukingo wa ubapa.

Limelika pembeni pande zote mbili: upepo mdogo. Usichanganye na mtu anayepita kila siku barabara ya zamani ya Chake Chake hadi Wete, ambayo ni kona juu ya kona. Huyo hula pembeni hata upepo ukiwa sawa. Kipimo cha upepo ndicho kitakachoamua.

Upande mmoja tu: tazama alama za kurekebishia mnyororo kulia na kushoto mwa ekseli ya nyuma. Zikipishana, gurudumu limekaa upogo. Zikiwa sawa, kagua beringi za gurudumu na bushi za mkono wa nyuma unaobeba gurudumu.

Kashata za mbele zimekuwa kama meno ya msumeno, ukipitisha kiganja kwenda mbele ni laini na kurudi ni kali: upepo mdogo, shokapu zilizochoka au beringi za usukani zilizolegea.

Doa moja bapa, na kwengine kote tairi ni zima: breki ya nyuma ilikazwa gurudumu likajifunga na kuburuzika. Doa likifika kwenye nyuzi, tairi zima limekwisha.

Hatua ya 4: Nyufa, uvimbe na nyuzi

Ufa mwembamba wa juu juu, usiouona mpaka uukunje mpira, unafuatiliwa. Ufa unaokamata ukucha, ulio chini ya mfereji au karibu na ukingo wa rimu, haufuatiliwi, tairi linatolewa. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika na mpira peke yake ndio unaozuia upepo; usilipande hata kwenda kwa fundi. Nyuzi zikionekana popote, vivyo hivyo. Mkato wa ubavuni hautiwi kiraka.

Hatua ya 5: Soma tarehe

Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho, mara nyingi ndani ya kisanduku. 0821 ni wiki ya 8 ya mwaka 2021. Huwa zimepigwa upande mmoja tu, basi angalia pande zote mbili. Ukikuta tarakimu tatu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Likishatimiza miaka mitano, likaguliwe kila mwaka hata kama kashata zimejaa. Likifika kumi, liondoke. Kwetu jua na joto huharakisha mambo. Chombo kinachoanikwa kutwa nje hukakamaa mpira mapema, na mpira mkavu haushiki lami iliyolowa.

Hatua ya 6: Unaponunua

Andika yote yaliyomo ubavuni mwa tairi la zamani kabla ya kwenda madukani Darajani au Mwanakwerekwe, na ulinganishe na kitabu cha chombo, maana huenda aliyekutangulia alifunga lisilo lake. Mfano 3.00-17 50P: upana inchi 3.00, rimu ya inchi 17, namba 50 ni mzigo wa kilo 190, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Wanunuzi hutazama saizi na kusahau namba ya mzigo. Saizi hiyo hiyo yenye namba 45 hubeba kilo 165 tu. Kwa anayebeba abiria na gunia, kilo 25 hizo si kidogo.

Soma tarehe pale pale dukani. Tairi lililoning'inizwa nje juani miaka mitatu ni jipya kwa jina tu. Nunua na tyubu mpya ya saizi hiyo hiyo: ya zamani imeshatanuka, na ndani ya tairi jipya hujikunja, mkunjo ukasagika mpaka ukatoboka.

Hatua ya 7: Kufunga

Kwanza rimu. Chumvi ya pwani hula rimu kuanzia ndani, na magamba ya kutu hukata tyubu polepole. Sugua kwa brashi ya waya, paka rangi, iache ikauke. Kwa rimu ya spoku badilisha pia mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku.

Tafuta mshale ubavuni. Uelekee upande gurudumu linakozungukia likienda mbele. Doa la rangi, kama lipo, likae penye valvu. Ukingo wa tairi paka maji ya sabuni, kamwe usipake grisi wala oili, kwani huozesha mpira. Jaza tyubu upepo kidogo tu ipate umbo, paka poda, ndipo uingize. Malizia kupandisha ukingo penye valvu, na sehemu ya mkabala uwe umeisukuma ndani katikati ya rimu. Mafundi wengi hulazimisha kwa chuma, na tyubu mpya ikabanwa ikachanika siku hiyo hiyo. Nati ya valvu usiikaze mpaka kwenye rimu. Iache karibu na kifuniko, ili tairi likihama uione valvu imelala.

Ukirejesha gurudumu la mbele lenye breki ya ngoma, hakikisha mfereji wa sahani ya breki umekaa kwenye jino la shokapu. Nyuma, funga ule mkono wa chuma unaoshika sahani ya breki na uweke pini yake. Ukisahaulika, breki ya kwanza ya nguvu itaizungusha sahani nzima. Mnyororo uchezee milimita 25 hadi 30, au kama kitabu kinavyosema.

Upepo: kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 aghalabu ni psi 25 mbele na 28 nyuma, ukiwa na abiria 32 nyuma. Vespa za rimu ya inchi 10 ni 18 mbele, 25 nyuma, na kama 35 nyuma ukipakia. Kilomita 100 hadi 150 za mwanzo nenda taratibu, kona usizilalie. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani mpaka uso wake ukwaruzike.

Maswali ya wanachama, na pahala wanakoandikia

Wete: *Assalaam alaykum, fundi. La nyuma limekwisha, la mbele bado zima. Naweza kulihamishia nyuma nikanunua jipya la mbele?*

Waalaykumu salaam. Kwa pikipiki za kawaida, hapana. La mbele ni jembamba, hubeba mzigo mdogo, na mifereji yake imekatwa kwa kazi ya kufunga breki. Vespa ndiyo yenye ruhusa hiyo, maana 3.50-10 ni moja mbele, nyuma na la akiba. Ila tazama mshale kama upo.

Bububu: *Vespa yangu ina tairi la akiba halijagusa lami tangu ninunue, kashata zote zipo. Tarehe inasoma 3411. Nilifunge?*

Dada, hilo ni la wiki ya 34 ya mwaka 2011. Halifai tena, hata kukufikisha nyumbani. Nunua jipya. Na kwa kuwa rimu ya Vespa ni nusu mbili zilizofungwa kwa nati, toa upepo wote kabla hujagusa nati zinazoshikanisha nusu hizo. Zile zinazoshika rimu kwenye ngoma ni nyengine. Kuna watu hulegeza zote pamoja na tyubu imejaa. Rimu hupasuka kwa kishindo na kumpiga mtu usoni.

Paje: *Tunapita mchangani kila siku, tunapunguza upepo ili chombo kisizame. Kuna ubaya?*

Mchangani hakuna, ubaya ni kupanda lami bila kurudisha. Upepo ukiwa mdogo, ukifunga breki tairi huteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, valvu ikalala, mwisho ikakatika shinani. Pancha ya shina haina kiraka. Chukua pampu ya mkono na kipimo. Na kwenye uwanda wa mawe usipite na upepo mdogo hata kidogo: jiwe huibana tyubu kwenye rimu, ukapata vitundu viwili vinavyotazamana.

Mkoani: *Kuna fundi anachonga kashata upya kwa kisu cha moto, bei rahisi. Vipi?*

Usikubali, bwana. Matairi yanayochongwa ni ya malori, tena yaliyoandikwa REGROOVABLE ubavuni, yenye mpira wa ziada chini ya mifereji. La pikipiki halina. Anachokata ni kile kilichobaki kuzilinda nyuzi.

Amani: *Nimefunga tairi jipya, nikifika mwendo wa 50 usukani unatikisika. Tairi bovu?*

Huenda limekaa vibaya tu. Karibu na rimu kuna mstari mwembamba uliochorwa kwenye mpira kuzunguka tairi lote. Zungusha gurudumu utazame: mstari uwe na umbali mmoja na rimu kila pahala, pande zote mbili. Ukizama sehemu, toa upepo, sukuma ukingo ndani, paka maji ya sabuni, jaza tena mpaka utoke sawa, kisha rudisha upepo wa kawaida. Usipite psi 40 kwa kulazimisha. Mstari ukiwa sawa na mtikisiko upo, kagua rimu na spoku.

Micheweni: *Ami yangu ana matairi ya mtumba, kashata nzuri. Ninunue?*

Mwombe akupe ulitazame kwa ndani kwa tochi. Viraka, nyuzi zilizokunjana, mistari myeusi ya kusagika ubavuni, liache. Kisha soma DOT. Likipita yote hayo na halijatimiza miaka mitano, lifunge nyuma, si mbele.